Kama si hofu ya Mungu, ningeiba?

Swali la msomaji: Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama hapa Arua. Tuko thelathini, Waislamu na Wakristo pamoja. Sanduku letu lina makufuli matatu na funguo hukaa kwa watu watatu. Mwezi wa pili mwenzangu mmoja alikwenda matangani Koboko akaniachia ufunguo wake, na wa tatu akaugua, naye akaniletea wake. Siku hizo hizo karo ya chuo ya mwanangu ilikuwa inadaiwa. Usiku mmoja nikalitazama lile sanduku, nikajua nikichukua kidogo hakuna atakayejua. Sikuchukua. Kilichonizuia ni kumwogopa Mwenyezi Mungu, si kingine. Nilipomsimulia mwanangu, anayesoma Gulu, akaniambia: "Kwa hiyo mama, siku ukiacha kuamini utaiba? Huo si wema, ni woga." Akanionyesha kwenye simu kwamba watoto wa familia zisizo na dini ni wakarimu kuliko wa wenye dini. Tangu hapo sina raha. Na sasa mwenyekiti wetu anataka tupitishe sheria kwamba asiyekwenda msikitini wala kanisani asishike ufunguo. Inamlenga mwenzetu mmoja aliyeacha kusali, ingawa hatujawahi kumwona na kosa. Je, wema wangu ni wema? Na sheria hiyo ni ya haki?

Jibu:

Asalaam aleykum, mama.

Hukuiba. Naanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe umelipita haraka ukakimbilia kujihukumu. Wenzako watazikuta fedha zao siku ya mgao. Yuko atakayemlipia mtoto shule na yuko atakayenunua dawa, kwa kuwa usiku ule uliliacha sanduku ukarudi kulala. Sisi tunaofundisha maadili tuna mazoea ya kuliruka tendo twende kuchimba nia. Nia ina uzito wake na nitaisema kwa kirefu, lakini kwa mwenye fedha, tendo lako ndilo lililomfaa.

Sasa maneno yako: "si kingine". Hayo siyaamini.

Mtu akiulizwa kwa nini alifanya jambo, hutaja sababu moja, na aghalabu hutaja ile yenye jina kubwa. Lakini moyo haufanyi kazi kwa sababu moja. Jiulize hivi: lau usiku ule ungepata hakika, kwa njia isiyo na shaka, kwamba fedha zile ukizichukua hutaandikiwa dhambi yoyote, ungezichukua ukalala usingizi mzuri? Ungeweza siku ya mkutano kukaa nao mkekani, ukawatazama wakipiga mihuri kwenye vitabu vyao, ukijua namba zile hazina fedha nyuma yake? Nadhani jibu lako ni hapana, na nadhani lilikujia kabla hujamaliza kusoma swali. Basi kulikuwa na kingine. Walikuwepo wao.

Swali la namna hii liliwahi kuulizwa kwa utaratibu. Watafiti wawili wa Marekani wa saikolojia ya malezi, Larry Nucci na Elliot Turiel, walichapisha mwaka 1993 kazi waliyoifanya na watoto na vijana wa familia zilizoshika dini hasa, Wakristo wa jamii za Kiamishi na Kimenoni na pia Wayahudi. Waliwauliza: kama Mungu asingeweka amri yoyote kuhusu siku ya ibada, ingekuwa vibaya kufanya kazi siku hiyo? Wengi wakasema isingekuwa vibaya, kwani ubaya wake umetokana na amri. Wakaulizwa: na kama Mungu asingekataza wizi? Hapo wengi wakasema wizi ungebaki kuwa mbaya, kwa sababu unamuumiza aliyeibiwa. Hao ni watoto waliolelewa ndani ya dini, wala hawakuona wanamvunjia Mungu heshima. Walijua tu kwamba kuna mambo ambayo ubaya wake unauona kwa kumtazama aliyetendewa.

Mwanao asidhani hili ni jambo jipya la vyuo. Plato alimweka Socrates aulize, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kama jema ni jema kwa sababu miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa sababu ni jema. Na katika Uislamu wenyewe wanazuoni walibishana juu ya hili kwa karne nyingi. Muutazila walisema akili ya binadamu inaweza kuujua uzuri na ubaya wa matendo hata kabla ya kuja sheria, na wafuasi wa Imam Ash'ari wakasema ni sheria inayolifanya tendo kuwa jema au ovu. Sitaimaliza hapa hoja ambayo vichwa vikubwa kuliko changu havikuimaliza. Ila nakukumbusha Suratu Shams, uliyoihifadhi tangu madrasa, inayosema kwamba Mungu aliiumba nafsi akaijulisha uovu wake na uchamungu wake. Na jirani yako Mkristo ana maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi, sura ya pili, kuhusu watu wasio na sheria ambao matendo yao yanaonyesha kwamba sheria imeandikwa mioyoni mwao. Dini zote mbili zinakiri kwamba mtu amepewa jicho la kuliona jema kabla ya kutishwa kwa adhabu. Hofu yako ya usiku ule ilikuwa na kitu cha kushika: ulishajua ni dhuluma, ndipo ukamwogopa anayeichukia dhuluma.

Kuna mahali mwanao yuko sawa, nami sitaki kumnyima haki yake. Hofu peke yake haitoshi. Tena hakuna haja ya kutoka nje ya dini ili kulisema hilo, kwani wacha Mungu wamelisema kwa ukali kuliko yeye. Rabia wa Basra, yule mwanamke wa karne ya nane tunayemhesabu miongoni mwa mawalii, dua yake inajulikana: kama nakuabudu kwa kuogopa moto, nichome kwa huo moto, kama nakuabudu kwa kutamani pepo, nifungie mlango wake, bali kama nakuabudu kwa ajili yako, usininyime uzuri wako wa milele. Kauli inayonasibishwa kwa Sayyidna Ali inazipanga ibada tatu: wanaoabudu kwa kutaka faida, hiyo ni ibada ya wafanyabiashara, wanaoabudu kwa hofu, hiyo ni ibada ya watumwa, na wanaoabudu kwa shukrani, hiyo ndiyo ibada ya watu huru. Al-Maun ni sura ya aya saba tu, na ole wake imewekewa watu wanaoswali, wale wanaojionyesha na huku wananyima msaada. Katika Suratu Insan wanatajwa wanaolisha maskini, yatima na mfungwa, wakisema hawataki malipo wala shukrani. Mwenzako Mkristo atakutajia Mathayo 25, ambapo walioingia katika ufalme wanashangaa, wanauliza ni lini walimwona Bwana ana njaa wakamlisha. Hawakuwa na hesabu ya thawabu vichwani mwao. Walimwona mwenye njaa.

Hapo ndipo penye moyo wa jibu langu, mama. Dini haikukusudia kuyafunga macho yako ukamwona Mungu tu na adhabu yake, huku watu waliokuzunguka wakiwa vivuli. Ilikusudia umwone Mungu hata uwaone watu vizuri zaidi. Mtoto huanza kunawa mikono kwa kuogopa kofi la mama yake. Akikua ananawa kwa sababu anajua anakula sahani moja na wadogo zake. Kofi halikuwa kosa, lilimfikisha. Tatizo ni mtu mzima wa miaka hamsini ambaye bado hakuna kinachomnawisha isipokuwa kofi.

Hofu iliyobaki peke yake inaweza kufanya nini, sisi Waganda tulionyeshwa vibaya sana. Tarehe 17 Machi mwaka 2000, huko Kanungu, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada, na siku zilizofuata miili mingine mingi ikafukuliwa mashimoni. Kundi lile lilijitambulisha kwa jina la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Waumini wake walikuwa wakali wa maadili kuliko wengi wetu. Waliuza mali zao wakawakabidhi viongozi, na walizuiliwa hata kuzungumza ovyo, wakawa wanatumia ishara, wasije wakavunja amri ya kutoshuhudia uongo. Hebu fikiria, mtu anaogopa dhambi ya ulimi kiasi cha kukaa kimya, na ndani ya boma hilo hilo watu wanauawa. Walipoondolewa uwezo wa kutazama na kuuliza, wakaachiwa woga wa mwisho wa dunia tu, aliyeshika ule woga alishika na roho zao.

Mwaka huo huo wa 2000, mwezi wa kumi, Ebola ikaingia Gulu. Daktari Matthew Lukwiya alikuwa Kampala akisomea shahada ya uzamili. Hospitali yake ya Lacor ilipomwita kwamba wauguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka, alirudi, akakesha na mafaili ya wagonjwa, akatambua kinachowakabili. Wauguzi walipoanza kukata tamaa, wenzao wakizikwa mmoja baada ya mwingine, alisimama mbele yao na kuwaambia kwamba yeye anabaki. Alikufa tarehe 5 Desemba. Mlipuko ule uliua watu 224. Alikuwa Mprotestanti, na hospitali ni ya Kikatoliki, na waliolazwa pale walikuwa wa kila imani na wasio na imani. Je, aliingia wodini kwa ajili ya Mungu, kwa ajili ya kiapo cha udaktari, kwa kuwapenda wauguzi wake, au kwa sababu asingeweza kuishi na aibu ya kuwaacha? Alikuwa mtu wa sala, hilo linajulikana. Lakini simwoni mtu mwenye mizani ya kuzitenganisha sababu hizo na kusema hii ilikuwa kilo mbili na ile nusu kilo. Kaburi lake liko ndani ya uwanja wa hospitali. Mwanao yuko mji huo huo, mwambie aende siku moja akalitazame, kisha arudi kwenye swali lake la kama wema wa mcha Mungu ni woga.

Nimempa haki yake, sasa niseme alipokosea. Swali "siku ukiacha kuamini utaiba?" lina mtego ndani yake. Linachukua sababu moja uliyoitaja usiku mmoja, linaifanya nguzo pekee ya nyumba, halafu linaiondoa. Wewe hukujengwa hivyo. Umelelewa na mama aliyekutuma dukani ukarudisha chenji kamili. Umeishi na majirani ambao jina lako kwao lina thamani, na umewahi kuibiwa ukajua uchungu wake. Imani yako imesukwa humo humo pamoja na hayo yote. Watu wanaoacha dini hawaamki kesho yake wakiwa wezi, na ushahidi unao ndani ya kikundi chako: yule mwenzenu aliyeacha kusali, hamjawahi kumwona na kosa. Tena mwanao mwenyewe, ikiwa anasema hana haja na hofu ya Mungu, amelelewa na nani? Uaminifu anaojivunia umetoka jikoni kwako.

Kuhusu alichokuonyesha kwenye simu, naujua utafiti huo. Ulitoka mwaka 2015, ukihusu watoto zaidi ya elfu moja wa nchi sita, na ulisambaa dunia nzima ukidai kwamba watoto wa familia za dini ni wachoyo zaidi. Watafiti wengine walipozipitia hesabu wakakuta kosa: namba walizopewa nchi zile kama alama za kuzitambulisha zilikuwa zimeingizwa kwenye hesabu kana kwamba ni vipimo. Kosa liliporekebishwa, hitimisho lile halikusimama, na mwaka 2019 makala hiyo ikafutwa rasmi na jarida lililoichapisha. Habari ya kwanza ilisomwa na mamilioni, ya kufutwa haikusambaa kiasi hicho. Mwanao hana lawama kwa kuisoma, ila asiendelee kuitumia.

Wala wewe usiende kutafuta ya kumjibu kwa upande wa pili, maana upande huo nao una yake ya kutahadhari. Mwaka 2007 watafiti wawili wa Vancouver, Azim Shariff na Ara Norenzayan, waliwapa watu mchezo wa kupanga maneno. Wengine walipewa maneno yenye kumkumbusha mtu Mungu, wengine maneno ya kawaida. Kisha kila mmoja akapewa dola 10 agawane na mtu asiyemjua kwa kadiri apendavyo, kwa siri. Waliokumbushwa Mungu walitoa wastani wa dola 4.22, wengine dola 1.84. Watu wa dini waliipokea kwa furaha. Lakini katika sehemu ya pili ya utafiti huo huo waliwekwa watu waliopewa maneno kama polisi na mkataba, na hao walitoa karibu sawa na waliokumbushwa Mungu. Na watafiti waliorudia jaribio hilo miaka ya baadaye, baadhi yao hawakupata tofauti yoyote. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 uliwahusu wenye maduka wa mji mkongwe wa Marrakesh, Waislamu kama wewe: walichagua kutoa sadaka zaidi pale adhana ilipokuwa inasikika kuliko saa nyingine. Mimi huu ninaupenda, kwa sababu unanionyesha kwa nini tunaitwa mara tano na si mara moja. Ukumbusho hufifia, na aliyeusikia asubuhi si yule yule wa saa tisa.

Na hapa tunaingia kwenye swali lako la pili, la sheria ya mwenyekiti.

Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, vijana waliokuwa wanaandaliwa kuhudumia makanisa. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi ya hotuba zilihusu mfano wa Msamaria Mwema wenyewe. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, anakohoa, anaugulia. Nani alisimama kumsaidia? Waliokuwa na mfano wa Msamaria kichwani hawakuwazidi wenzao kwa kiasi cha maana katika kusimama. Aina ya udini wa mtu haikutabiri kama atasimama. Kilichotabiri ni haraka: walioambiwa wana muda walisimama 63 kati ya 100, walioambiwa wameshachelewa walisimama 10 kati ya 100. Walikuwa vijana wa Mungu, wengine wakimruka mgonjwa waende kuhubiri kuhusu kutomruka mgonjwa. Silisemi kwa kuwacheka. Nalisema kwa sababu mimi na wewe tungekuwa hao hao.

Kwa hiyo, mama, sheria hiyo haitalinda sanduku. Nchi yetu imeandika "Kwa Mungu na Nchi Yangu" kwenye nembo yake. Katika sensa ya mwaka 2014 waliosema hawana dini hawakufika hata mtu mmoja katika kila mia. Na katika orodha ya Transparency International ya mwaka 2023, inayopima jinsi ufisadi serikalini unavyoonekana, ambapo alama kubwa ni usafi zaidi, Uganda ilipata alama 26 kati ya 100, wakati Denmark, ambako wengi hawaendi kanisani, ilipata 90. Sitaki mtu aseme nimesema dini inaleta rushwa; mishahara, mahakama, historia na mambo mengine mengi yamo katika alama hizo. Nasema tu kwamba wanaokula fedha za dawa hospitalini nao wana misahafu na biblia mezani. Kuhudhuria ibada si cheti cha uaminifu, na mwizi hodari ndiye wa kwanza kuketi mstari wa mbele pale anapojua mstari huo ndio unaotoa funguo. Sheria kama hiyo ingemlipa anayejionyesha, ambaye ndiye hasa Al-Maun inayemlaani, na ingemwadhibu mwanamke aliyesema kweli juu ya hali ya moyo wake wakati angeweza kudanganya.

Namwelewa mwenyekiti, hana nia mbaya. Watu wengi duniani wanafikiri kama yeye. Shirika la Pew liliuliza katika nchi 34 mwaka 2019 kama ni lazima kumwamini Mungu ili kuwa mtu mwema. Kwa jirani zetu Kenya 95 katika 100 walisema ndiyo, Sweden ni 9 tu. Na fikra hiyo haikuzuka bure. Utafiti mmoja wa mwaka 2016, uliohusisha watu 591 wa jamii nane, wakiwemo Wahadza wa Tanzania, uliona kwamba wale walioamini Mungu wao anajua yote na anaadhibu waliwagawia fedha kwa haki zaidi watu wasiowajua. Sasa sikiliza vizuri kilichobaki: watu hao wasiowajua walikuwa wa dini yao, wa sehemu ya mbali. Imani inaweza kuupanua mduara wa watu tunaowatendea haki mpaka ng'ambo ya bahari, na bado ukaishia mlangoni kwa jirani wa dini nyingine. Kikundi chenu kina Waislamu na Wakristo. Ukitaka kumpima mshika ufunguo kwa imani yake, swali la maana ni kama fedha ya yule asiyesali naye ina uzito sawa machoni pake na fedha ya dada yake wa msikitini. Hilo hamtalijua kwa kumhesabia rakaa. Mtalijua kwa kumwona akihesabu fedha miaka mitatu.

Katiba yetu nayo, ibara ya 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya taifa, na ibara ya 29 inalinda uhuru wa dhamiri wa kila mtu. Kikundi chenu si serikali, lakini akina mama walioweza kukaa mkeka mmoja wa imani tofauti wameshafanya jambo ambalo Katiba inalitaka kwa nchi nzima. Msilibomoe kwa sababu ya ufunguo.

Sanduku la makufuli matatu lilibuniwa na watu walioyajua haya yote kwa uzoefu. Mnafungua mkutano kwa dua, halafu mnafungua sanduku kwa funguo tatu, mbele ya macho ya kila mtu, na fedha inahesabiwa kwa sauti. Hakuna anayeona dua imetukanwa na kufuli. Kwa hiyo kosa la usiku ule halikuwa moyoni mwako. Lilikuwa kwenye zile funguo tatu kulala nyumba moja. Wenzako walikutendea ukatili bila kujua: walikupa mtihani ambao hakuna binadamu anayepaswa kupewa akiwa na karo mlangoni. Katika mkutano ujao, mahali pa sheria ya mwenyekiti, pendekeza hii: mshika ufunguo akisafiri au akiugua, ufunguo wake uende kwa mwanachama asiye na ufunguo mwingine, na jina lake litangazwe kwa wanachama siku hiyo hiyo. Hata yule aliyeacha kusali anaweza kuwa huyo.

Huna lazima ya kuwasimulia yaliyokupita moyoni. Ulijaribiwa ukashinda, na hilo ni lako na Mola wako. Ila lipo jambo ambalo nakuomba usilifiche, nalo ni karo. Umekaa na shida hiyo peke yako ndani ya nyumba yenye fedha za akina mama thelathini, wakati kikundi kimeundwa kwa ajili ya shida kama hiyo. Angalieni kanuni zenu. Vikundi vingi huruhusu mwanachama kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, na vingi vina mfuko wa jamii kando kwa dharura. Nenda siku ya mkutano, simama kama mwanachama mwingine yeyote, useme kijana wako anadaiwa chuoni kiasi kadhaa na utakirudisha kwa miezi mingapi. Mwachie mwenzako akuandikie mkopo huo kitabuni, usijiandikie mwenyewe.